Ugonjwa mwingine ukija, Walinzi wa Taifa watamtuma mwanangu kufanya nini?

*"Mwanangu ana miaka 19, ana kadi ya kijani, na tunaishi Columbus, Ohio. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo na anataka kuanza chuo. Mwandikishaji wa National Guard amemwambia atalipiwa ada yote na kwamba kazi ni wikiendi moja kwa mwezi. Mimi nakumbuka 2020, magari ya jeshi barabarani na habari kwamba nchi inawekwa chini ya jeshi. Ugonjwa mwingine ukija, je, atapewa bunduki asimame milangoni kuzuia watu wasitoke? Atapelekwa hospitalini kuhudumia wagonjwa bila kusomea? Akiugua nani atamtibu, na mwajiri wake hawezi kumfukuza? Anaweza kukataa? Jirani yangu anasema heri ajiunge na Ohio Military Reserve kwa sababu hao hawapelekwi vitani. Anatakiwa kusaini mwisho wa mwezi."*

Mama, maswali yako ni mengi lakini naona yote yana mzizi mmoja. Unahofia kwamba mwanao akishakula kiapo atakuwa chini ya watu usiowajua, watakaomtuma kufanya jambo ambalo hukumlea alifanye, na kwamba akirudi ameumia hutajua umdai nani. Hofu hiyo ina msingi, na sitakujibu kwa kukuambia kwamba kila kitu ni salama. Baadhi ya uliyoyasikia si kweli, baadhi ni kweli nusu, na yapo mambo ambayo hukuyauliza lakini kwa maoni yangu ni mazito kuliko uliyoyauliza.

Kwanza hiyo habari ya nchi kuwekwa chini ya jeshi. Katikati ya Machi 2020 ujumbe ulisambaa kwenye simu za watu ukidai kwamba Rais yuko karibu kutangaza karantini ya nchi nzima na kwamba wanajeshi wangemwagwa mitaani. Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani lilitangaza kwamba ujumbe huo ni wa uongo, na Jenerali Joseph Lengyel, aliyekuwa mkuu wa Walinzi wa Taifa wakati huo, naye akakanusha. Uvumi ukapata nguvu upya tarehe 22 Machi, Rais alipotangaza kwamba serikali kuu itagharamia kazi ya Walinzi katika majimbo ya New York, California na Washington, kwa kuwa watu wengi walielewa kwamba Ikulu imewanyang'anya magavana majeshi yao. Ukweli ni kwamba magavana walibaki na amri yote mikononi mwao, na kilichohama ni mzigo wa gharama tu.

Ili uone kwa nini jambo hilo lina uzito kwa mwanao, inabidi uelewe namna jeshi hili lilivyojengwa. Walinzi wa Taifa, ndio hao National Guard, ni jeshi la akiba la kila jimbo, na wana mabwana wawili. Kijana anayejiunga nao huapa kuitii katiba ya Marekani na katiba ya jimbo lake kwa pamoja, na kiapo hicho kinamtaja Rais na gavana. Kwa hiyo siku akiitwa kazini, swali la kwanza la kujiuliza ni nani aliyemwita na kwa mamlaka gani, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua mshahara wake, matibabu yake, ulinzi wa ajira yake na hata kazi anazoruhusiwa kufanya. Wawili wanaweza kubeba masanduku yaleyale katika ghala lilelile, mmoja akiwa na haki ambazo mwenzake hana, kwa sababu tu karatasi zao za amri zimeandikwa tofauti.

Amri hizo ni za aina tatu. Ya kwanza ni utumishi wa jimbo, ambao kwenye karatasi huandikwa State Active Duty: gavana anaita, gavana anaamuru, hazina ya jimbo inalipa, na sheria za jimbo ndizo zinazotawala mishahara na fidia. Ya pili hujulikana kwa jina la sheria yake, Title 32: gavana bado ndiye mwenye amri, lakini serikali kuu ndiyo inayolipa, na askari anapata mafao mengi yanayofanana na ya jeshi la kudumu. Ya tatu ni Title 10, ambapo Rais anamchukua askari kabisa kutoka kwa gavana, na hapo ndipo safari za vitani ng'ambo zinapotokea. Kazi ya UVIKO-19 ndani ya majimbo ilifanywa kwa sehemu kubwa sana chini ya aina mbili za mwanzo. Mwezi Mei 2020, kazi ilipofikia kilele cha wimbi la kwanza, Walinzi wapatao 47,000 walikuwa kazini kwa ajili ya ugonjwa huo nchi nzima, kila kundi likipokea maelekezo kutoka kwa gavana wake.

Nikupe mfano wa jinsi karatasi hiyo inavyogusa maisha ya mtu. Amri za Title 32 zilizoanza mwishoni mwa Machi 2020 zilipangwa kwisha tarehe 24 Juni, na kwa maelfu ya askari hesabu hiyo ingewapa siku 89 za utumishi. Siku 90 ndizo zinazomfungulia askari wa akiba baadhi ya mafao ya elimu na kumpunguzia umri wa kuanza kupokea pensheni. Jambo hilo lilipofichuka, kelele zilikuwa kubwa, na muda ukaongezwa hadi katikati ya Agosti. Baadaye mwezi huo serikali kuu ikapunguza mchango wake hadi asilimia 75 kwa majimbo mengi, kisha Januari 2021 ukarudishwa kuwa asilimia 100. Kijana aliyekuwa anabeba masanduku hakuwa na sauti katika maamuzi hayo, ila yalimgusa moja kwa moja. Ndiyo sababu nawasihi wazazi na askari wenyewe wasome tarehe na namba zilizo kwenye amri kwa makini uleule wanaosoma nao kiasi cha mshahara.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na tubaki Ohio. Machi 2020 Gavana Mike DeWine aliwaita Walinzi, na kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa katika benki za chakula. Maghala hayo hutegemea wanaojitolea, ambao wengi ni wastaafu, na wastaafu ndio walioambiwa wakae ndani kwa usalama wao. Wakati huohuo foleni za watu waliopoteza ajira zilikuwa zinarefuka. Walinzi wakajaza pengo hilo kwa kupanga vyakula, kufunga masanduku na kuyapakia kwenye magari, wakaendelea hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwangu mimi huo ndio mfano unaoeleza vizuri zaidi jeshi la akiba linatafutiwa nini wakati wa janga. Ugonjwa unapoenea, kinachokatika mapema ni mikono ya kufanya kazi za kawaida ambazo watu wengine wote wanazitegemea, na jeshi la akiba ni watu waliokwisha kusajiliwa, wenye magari, wenye nidhamu ya kufika mahali kwa wakati, na wanaoweza kupelekwa kesho asubuhi.

Walinzi haohao walisaidia kuandaa hospitali ya dharura katika ukumbi mkubwa wa mikutano wa hapo Columbus, ambayo kwa bahati njema haikulazimika kulaza wagonjwa. Aprili 2020 walipelekwa katika gereza la shirikisho la Elkton, ambako maambukizi yalikuwa makali, pamoja na magereza ya jimbo. Kuanzia mwezi uliofuata timu zao zilizunguka nyumba za kulelea wazee kuchukua sampuli za vipimo. Machi 2021 walikuwa Wolstein Center, Cleveland, wakiendesha kituo kikubwa cha chanjo. Ukitoka Ohio utakuta orodha ndefu zaidi: Georgia walipulizia dawa nyumba za wazee, Massachusetts waliendesha magari ya wanafunzi mwaka 2021 madereva walipokosekana, New Mexico waliingia madarasani kama walimu wa muda mwanzoni mwa 2022, na West Virginia walibeba sehemu kubwa ya mpango wa kusambaza chanjo jimbo zima.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa mtazamo wangu, ilikuwa New York, ambako baadhi yao walisaidia ofisi ya uchunguzi wa vifo kuchukua miili ya watu waliofia majumbani. Hili nalitaja kwa makusudi. Mwandikishaji hatalitaja, na kijana wa miaka 19 anastahili kujua kwamba linaweza kumfika.

Ukaulizia bunduki mlangoni. Amri ya kukaa nyumbani ya Ohio, iliyoanza kutumika usiku wa tarehe 23 Machi 2020, ilitolewa na mkurugenzi wa afya wa jimbo, na usimamizi wake uliachwa kwa polisi na idara za afya za maeneo, si kwa jeshi. New Rochelle, New York, eneo la kwanza nchini kuwekewa eneo la udhibiti la maili moja kila upande mwezi huo, Walinzi waliotumwa huko walikuwa wanagawa vyakula na kusafisha maeneo ya umma, na wakazi waliendelea kutoka na kuingia. Kwa hiyo picha ya askari anayemfungia jirani ndani ya nyumba si picha ya yaliyotokea.

Lakini nisiishie hapo. Rhode Island, mwishoni mwa Machi 2020, askari wa akiba walipita nyumba kwa nyumba kwenye miji ya pwani wakiwatafuta watu waliotoka New York ili kuwaambia wanatakiwa kujitenga, huku polisi wa jimbo wakisimamisha magari yenye namba za New York. Hawakuvunja milango, ila mwenye nyumba akiona sare za jeshi kizingitini hahesabu hilo kuwa ni ziara. Watu wengi huamini kwamba ipo sheria inayokataza jambo la namna hiyo. Sheria hiyo, Posse Comitatus ya 1878, inazuia majeshi yaliyo chini ya Rais kufanya kazi za kipolisi, lakini haiwagusi Walinzi walio chini ya gavana, iwe ni kwa State Active Duty au Title 32. Gavana anaweza kuwapa kazi hizo pale sheria za jimbo lake zinaporuhusu. Katika janga lililopita magavana wengi waliamua kutofanya hivyo, na mama, uamuzi wa gavana mmoja si dhamana ya uamuzi wa gavana ajaye.

Jambo la pili la kuwa wazi nalo ni kwamba hakuna mkataba wa kujiunga kwa ajili ya janga peke yake. Mwishoni mwa Mei 2020, wakati wenzao wakiwa bado kwenye maghala ya chakula, Walinzi wa Ohio waliitwa kwenye maandamano ya Columbus yaliyofuata kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, na mwezi uliofuata wengine wakapelekwa Washington, D.C. Katika jimbo hilohilo, tarehe 4 Mei 1970, Walinzi waliwafyatulia risasi wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Kent State na kuwaua wanne. Mafunzo na kanuni zimebadilika mno tangu wakati huo, na sisemi kwamba mwanao anaelekea huko. Nasema akisaini, amesaini kwa ajili ya mafuriko, ugonjwa, maandamano na vita, yote kwa pamoja, na hili ndilo ningependa mlizungumze nyumbani kwa kirefu kuliko mengine yote.

Kuhusu hospitali, jibu ni rahisi zaidi. Mtu asiye na leseni ya tiba hapewi kazi ya tiba kwa kuwa tu amevaa sare. Desemba 2021, wimbi la Omicron lilipokuwa linazidi nguvu hospitali za Ohio, gavana alituma Walinzi 1,050, ambao kati yao 150 tu ndio waliokuwa na mafunzo ya afya kama wauguzi na wahudumu wa dharura, na siku chache baadaye akaongeza wengine 1,250. Waliobaki walisukuma viti vya magurudumu, walipeleka vyakula vyumbani, walisafisha, walipanga vifaa. Kazi hizo ziliwaachia wauguzi muda wa kuuguza. Kuna sababu nyingine iliyofanya matabibu wa jeshi la akiba watumike kwa uangalifu: wengi wao maisha yao ya kila siku ni ya hospitali za kiraia, kwa hiyo kumvalisha muuguzi sare na kumpeleka mji wa pili ni kumnyang'anya mgonjwa mmoja ili umpe mwingine. Hata hivyo, kusukuma kiti cha mgonjwa si kazi isiyo na hatari, na mtu anayefanya usafi kwenye wodi yuko karibu na maambukizi karibu sawa na muuguzi. Mwanao akifika huko, aulize kuhusu barakoa zinazombana vizuri usoni, mafunzo ya kuvaa na kuvua vifaa kinga, na mpangilio wa mahali pa kulala, kwa sababu mabweni ya askari nayo ni mahali pazuri kwa ugonjwa wa hewa kuenea.

Akiugua, ndipo ile karatasi inaporudi kuwa na uzito. Chini ya Title 32, amri ya zaidi ya siku 30 humpa bima ya afya ya jeshi iitwayo Tricare, yenye upana wa ile ya askari wa kudumu. Chini ya utumishi wa jimbo hana bima hiyo kwa sababu ya kuitwa kwake, bali anategemea utaratibu wa fidia wa jimbo pamoja na bima yoyote aliyo nayo mwenyewe. Katika miezi ya kawaida anaweza kununua mpango uitwao Tricare Reserve Select kwa malipo ya kila mwezi, na kwa kijana anayefanya kazi ghalani bila bima ya maana, hilo ni jambo la kulifikiria kwa uzito. Chochote kitakachokuwa, akijisikia vibaya akiwa kazini aripoti siku ileile na aombe uchunguzi unaoitwa Line of Duty, ambao huthibitisha kwa maandishi kwamba maradhi au jeraha limetokea akiwa kazini. Vijana wengi hujikaza, wakaenda nyumbani wakaugulia huko, kisha baada ya mwaka kifua kikikataa kupona hawana hata karatasi moja ya kuonyesha. Jimbo au serikali kuu haitalipa kwa neno la mdomo.

Mwajiri wake hawezi kumfukuza kwa sababu ya utumishi. Sheria ya USERRA inamlazimisha mwajiri, mkubwa au mdogo, kumrudisha kwenye nafasi ambayo angekuwa nayo kama asingeondoka, mradi alitoa taarifa mapema kadiri ilivyowezekana, na mradi jumla ya muda aliokuwa nje kwa mwajiri huyo, kwa zile safari zinazohesabiwa, haizidi miaka mitano. Yapo masharti ya kurudi pia: akiwa nje kwa siku zisizozidi 30 anatakiwa kuripoti kwenye zamu inayofuata baada ya kufika nyumbani na kupumzika kwa muda wa saa nane, kati ya siku 31 na 180 ana siku 14 za kuomba kurudi, na zaidi ya hapo ana siku 90. Sheria haimlazimishi mwajiri kumlipa mshahara akiwa hayupo.

Hapa palikuwa na pengo ambalo watu wengi bado wanadhani lipo. Kabla ya 5 Januari 2021 sheria hiyo haikuwagusa walioitwa na gavana kwa State Active Duty, na walibaki kutegemea sheria za majimbo yao, ambazo hazilingani. Siku hiyo ilisainiwa sheria iliyoupanua ulinzi huo hadi kwenye utumishi wa jimbo unaofikia siku 14 au zaidi, au unaofanywa kukabili dharura ya kitaifa iliyotangazwa na Rais au janga kubwa lililotangazwa rasmi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mlinzi aliyeitwa na gavana hana ulinzi wowote wa kazi, anakupa habari za zamani.

Kukataa? Amri halali haikataliki bila madhara. Chini ya gavana wa Ohio, askari anatawaliwa na sheria ya nidhamu ya kijeshi ya jimbo, na asiyefika anaweza kuadhibiwa. Kilicho wazi kwake ni kuomba kuachwa, na makamanda huwa na nafasi ya kusikiliza: mwanafunzi aliye katikati ya mitihani, mtu anayemhudumia mgonjwa peke yake nyumbani, muuguzi anayehitajika zaidi hospitalini kwake. Ombi hilo hufanywa mapema na kwa maandishi, si kwa kuzima simu. Chanjo nazo zinaingia humu. Agosti 2021 Wizara ya Ulinzi iliamuru wanajeshi wote wachanjwe dhidi ya UVIKO-19, wakiwemo Walinzi, na gavana wa Oklahoma alipojaribu kuwaondolea Walinzi wake amri hiyo, jaji wa mahakama ya shirikisho alilikataa ombi la jimbo. Amri yenyewe ilifutwa Januari 2023 baada ya Bunge kuagiza hivyo. Ukiangalia yaliyotokea utaona mipaka ya mamlaka ya gavana: yeye huwaamuru Walinzi wake, lakini viwango vya nani anafaa kuwa askari hupangwa na serikali kuu.

Jirani yako ana hoja, ila haijakamilika. Ni kweli kwamba Ohio Military Reserve ni jeshi la jimbo peke yake, na sheria ya shirikisho inasema wazi kwamba vikosi vya aina hiyo haviwezi kuitwa kwenye majeshi ya Marekani. Ni kweli pia kwamba watu wake walishiriki kazi za benki za chakula mwaka 2020. Vikosi hivi vina historia ya heshima katika magonjwa: homa kubwa ya 1918 ilipofika Massachusetts, Walinzi wa Taifa walikuwa wamechukuliwa kwenda Vita vya Kwanza vya Dunia, na kikosi cha jimbo kilichobaki nyumbani ndicho kilichosimamisha hospitali ya mahema kwenye kilima cha Corey, Brookline, wagonjwa wakilazwa kwenye hewa ya wazi. Lakini wanaojiunga na Ohio Military Reserve ni watu wa kujitolea, mazoezi yao hayalipwi, na ada ya chuo haimo. Kama kijana anakwenda kwa ajili ya ada, basi hayo si mbadala wa mkataba aliopewa, ni jambo jingine kabisa. Kama anakwenda kwa ajili ya kuitumikia jamii wakati wa shida na hataki vita, hapo jirani yako amempa ushauri mzuri.

Kuna pia jeshi la akiba la shirikisho, Army Reserve, ambalo halina gavana. Mwaka 2020 liliunda timu za tiba za watu 85 kila moja zilizopelekwa miji kama New York na Detroit, na anayesomea uuguzi angeweza kujiona huko. Kwa kijana anayetaka kubaki karibu na Columbus, hata hivyo, Walinzi wa jimbo ndio wanaofanya kazi karibu na nyumbani mara nyingi zaidi.

Kuhusu aliyoambiwa na mwandikishaji: ufadhili wa masomo wa Walinzi wa Ohio ni wa kweli, na hulipa ada yote katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo, ingawa chakula na malazi anajitegemea. Wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka ni kweli katika mwaka wa kawaida, baada ya mafunzo ya awali na ya fani, ambayo huchukua miezi. Miaka ya 2020 na 2021 haikuwa ya kawaida, na wanafunzi waliitwa katikati ya muhula. Wajibu wa kijeshi kwa jumla ni miaka minane, hata kama miaka ya mwisho haina mazoezi, na jambo lisiloandikwa kwenye mkataba halipo, liwe limeahidiwa kwa uso mkunjufu namna gani. Kadi ya kijani inamtosha kujiunga, lakini fani zinazohitaji kibali cha usiri zimefungwa kwake hadi awe raia, kwa hiyo aulize kabla ni fani ipi inayoandikwa kwenye karatasi yake. Fani hiyo ndiyo itakayoamua kwa kiasi kikubwa kama wakati wa janga ataendesha lori, atapanga ghala au atakaa wodini.

Tarehe ya mwisho wa mwezi mara nyingi ni tarehe ya mwandikishaji kuliko ya mwanao. Ana miaka 19, kwa hiyo saini yako haihitajiki, ila hakuna kanuni inayokuzuia kukaa pembeni yake na kuuliza. Ombeni nakala ya mkataba mrudi nayo nyumbani. Kama kuna sehemu msiyoielewa, au kama hali yake ya uhamiaji ina kesi yoyote inayoendelea, tafuteni wakili ana kwa ana kabla ya saini, kwa kuwa jibu langu haliwezi kuziona karatasi zake.

Akishajiunga, mambo mawili yasimalizwe kwa kusoma mtandaoni. Mwajiri akimtishia au akimpunguzia saa kwa sababu ya sare, awapigie wasuluhishi wa ESGR, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosuluhisha waajiri na askari wa akiba, ambao hawatozi chochote, na wakishindwa apeleke malalamiko kwenye kitengo cha wanajeshi wastaafu cha Wizara ya Kazi. Ofisi ya wanasheria wa kikosi chake nayo humshauri bure. Na akirudi kutoka kazi ya janga akawa hapati usingizi usiku, hataki kuongea, amekuwa mwepesi wa hasira, msimwachie apambane peke yake wala msimwambie ajikaze kiume. Vituo vya ushauri viitwavyo Vet Center viko wazi hata kwa Walinzi walioitwa na gavana kukabili janga, bila malipo, na mnaweza kuanza kwa kufika mlangoni tu. Akianza kusema kwamba haoni sababu ya kuishi, msisubiri miadi: pigeni 988, namba ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, kisha mbonyeze 1 kwa laini ya wanajeshi, saa yoyote ya mchana au usiku, na mkae naye mpaka msaada ufike.